Mzee Rajnikant Ameanza Kukumbuka Nilichokitunga

Mpendwa Ma Celina,

Shikamoo. Naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, maana ukurasa wako wa gazetini unatoka Alhamisi na balaa langu ni Jumamosi, na katikati hapo pana Ijumaa moja tu ambayo sijui niitumie kufanya nini.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, mzaliwa wa Rubafu, nasoma stashahada ya ualimu hapa Bukoba, masomo yangu ni Historia na Kiswahili, na nimepanga chumba Kashai pamoja na mwenzangu Theopista ambaye anasoma Hisabati na kwa hiyo hana matatizo kama haya. Muhula huu mkufunzi wetu wa Historia, Mwalimu Mwijage, alimtaka kila mmoja wetu atafute mzee wa zaidi ya miaka sabini, amhoji, aandike kurasa kumi, halafu kutokana na kurasa hizo aandae somo la kwenda kufundisha kwenye mazoezi, na mimi nimepangiwa Muleba, kidato cha kwanza, somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Hilo neno la mwisho ndilo linaloninyima raha.

Nilimchagua Mzee Rajnikant mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Ni Mhindi wa hapa hapa, kazaliwa hapa, Kihaya chake kinanishinda hata mimi, na majirani wanamwita Ta Rajni kama wanavyomwita mzee mwingine yeyote wa kuheshimiwa. Ndugu zake wengi walishahama, mkewe Mama Parvati alifariki mwaka juzi, na yeye kabaki na duka lake na cherehani moja barazani. Nilijiambia mtu kama huyo lazima ana mambo makubwa ya kusimulia, na pia, nisikufiche, nilishaonja chai yake ya tangawizi.

Nilikwenda mchana mara tatu na daftari langu, na Ma Celina, yule mzee aliniambia habari za vifungo. Vifungo vya mfupa, vifungo vya shaba, vifungo vya plastiki vilipoingia na jinsi baba yake alivyovidharau. Akanisimulia mama mmoja aliyerudisha kitambaa cha harusi mara tatu, na mara ya nne akamrudisha bwana harusi. Nikamwuliza ukoloni uliwaathiri vipi, akasema zipu za zamani zilikuwa imara. Nikamwuliza, "Mzee, siku ya Uhuru ulikuwa wapi?" Akanijibu, "Kitandani. Nilikuwa na matubwitubwi. Mama kanifunga kitambaa huku kichwani, ngoma nazisikia dirishani tu. Nililia sana siku hiyo."

Basi Jumapili baada ya misa, kazi inatakiwa kesho yake, nina kurasa nne za vifungo, Theopista anapika ndizi na kuimba, mimi nikachukua kalamu na sahani ya karanga, nikajisemea niongeze kidogo tu ili isomeke. Nikaandika kwamba baba yake Mzee Rajnikant alikuwa akificha matangazo ya mikutano ya uhuru ndani ya majora ya vitambaa, mtu ananunua kitambaa cha gauni anafika nyumbani anakuta na tangazo ndani, na kwamba siku moja polisi wa kikoloni alikuja kupekua duka, akapokelewa kwa heshima zote, na akaondoka hajapata kitu isipokuwa kitambaa cha kaki cha suruali alichouziwa na mtuhumiwa mwenyewe. Niliweka na tarehe. Kurasa zikafika kumi na moja.

Nilipata themanini na saba. Mwalimu Mwijage aliisoma darasani kwa sauti, alipofika kwenye polisi akavua miwani akaifuta, akasema hii ndiyo historia ambayo haimo vitabuni, jambo ambalo ni kweli kabisa. Akasema somo langu la Muleba atakuja kulikagua yeye mwenyewe. Halafu, mae waitu, mama yangu wee, Jumanne ya wiki iliyopita akaniambia twende dukani, anataka kumshika mkono huyo mzee.

Nilijaribu kuumwa, ikashindikana. Tukafika, mkufunzi akamsomea kipande chote cha polisi, kisha akasema, "Mzee wangu, nimekuja kukupongeza, na kukuuliza kama ndivyo ilivyokuwa." Mzee alinitazama muda mrefu. Mimi nikawa natazama sakafu. Halafu akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Baba alikuwa mtu wa namna hiyo," akaagiza chai, na chai ilipokuja akaanza kukumbuka! Akakumbuka kwamba kile kitambaa kilikuwa mita mbili na nusu. Mimi kwa kihoro nikadakia kwamba nadhani zilikuwa tatu, maana ndivyo nilivyoandika, akanigombeza mbele ya mkufunzi: "Wewe ulikuwepo? Mbili na nusu. Polisi mwenyewe alikuwa mfupi."

Ingeishia hapo ningekaa na dhambi yangu nikazeeka nayo. Lakini mkufunzi aliacha nakala dukani, na binti wa mzee, Dada Dipti, kaja kutoka Dar es Salaam Jumatatu hii kumtazama baba yake, akaisoma akiwa amesimama palepale kaunta na akalia mpaka wateja wakampa pole wakidhani kuna msiba. Akamwuliza, "Baba, miaka yote hii mbona hukuniambia?" Mzee akasema, "Nilisahau, mwanangu. Kazi zilikuwa nyingi." Sasa Dada Dipti ameagiza kibao kwa mchoraji, kitawekwa juu ya mlango Jumamosi, kimeandikwa HAPA YALIPITISHWA MATANGAZO YA UHURU, watu wamealikwa, kutakuwa na kachori, na mimi ndiye msomaji. Mama yangu kule Rubafu ameshaitangazia jumuiya yote. Mzee mwenyewe tangu hapo kila nikipita hanisimulii tena vifungo, ananipa chai na kuniuliza, "Mwanangu, Jumamosi utasoma?" Nikisema ndiyo, anaitikia tu na kuendelea kukunja vitambaa.

Theopista anasema ninyamaze, eti hata vitabu viliandikwa na mtu aliyekaa mahali na kalamu, na alama zikishatolewa hazirudishwi. Nikisema ukweli mkufunzi atanipa sifuri na Muleba huenda nisiione, tena nitamwaibisha mzee mbele ya mtoto wake na mji mzima. Nikinyamaza, Jumatatu ijayo nitasimama mbele ya watoto hamsini na wawili na kuwaambia waandike daftarini tarehe niliyoitunga mimi nikila karanga. Na kibaya zaidi, mzee anaieleza vizuri mpaka na mimi nimeanza kujiuliza, Ma Celina, labda ilitokea kweli?

Wako katika jasho,
Mwalimu Mtarajiwa, Kashai

*

Mwalimu Mtarajiwa,

Marahaba. Haikutokea. Nianze na hilo kabla na wewe hujakumbuka masharubu ya polisi.

Majina nimeyabadilisha yote na duka nimelihamisha mtaa, kwa hiyo pumua. Ukishapumua, kaa chini nikugombeze.

Umepewa mzee mzima na chai juu yake. Umemkuta na kumbukumbu isiyo na kutu, anakueleza alivyokuwa mtoto aliyefungwa kitambaa kichwani, mashavu yamevimba, nchi yake inapata uhuru na yeye anaisikia dirishani tu na analia kwa kukosa sherehe. Nimesoma sentensi hiyo mara mbili, nikaita jirani yangu hapa Kibeta nikamsomea na yeye. Wewe ukaiona haifai, ukaenda kutafuta polisi! Ulikwenda pale ukiwa umeshaamua mzee aseme nini, aliposema mengine ukamwona hana kitu. Hilo ndilo kosa lako la kwanza, na ulilifanya kabla hujashika kalamu. Karanga hazihusiki.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili. Mwaka wangu wa pili kazini mtoto mmoja aliniuliza nani alijenga kidaraja cha njia ya shuleni. Sikujua, na niliona haya kusema sijui, nikasema Wajerumani. Mwaka jana sokoni nimemsikia mwanaume mwenye mvi akimwelezea mjukuu wake habari za kidaraja kile. Wajerumani, anasema, tena mwalimu wangu ndiye aliyeniambia. Nilijificha nyuma ya mikungu ya ndizi mpaka wakapita. Wewe unataka kwenda kuwatengeneza watu kama huyo hamsini na wawili kwa kipindi kimoja, na mkufunzi akiwa amekaa nyuma anaweka vema.

Sasa nisikilize vizuri, maana kuna jambo umeliandika mwenyewe na hukuliona. Unasema mzee ameanza kukumbuka. Mwana wange, mtu anayekumbuka kwamba siku ya Uhuru alikuwa na matubwitubwi, na kitambaa alifungwa wapi, hawezi kusahau polisi aliyepekua duka la baba yake. Amesimama nyuma ya kaunta tangu ujana wake akisoma nyuso za wateja. Alikutazama muda mrefu, uso wako ukamwambia kila kitu, na hapo hapo akaamua kukufichia. Mkufunzi wako alikuwa amemwuliza swali la ndiyo au hapana, na hapana ingekumaliza. Akasema ndiyo. Mita mbili na nusu alikuwa anakutania, na wewe ukabishana naye.

Siwezi kuapa, mimi simjui. Inawezekana nimekosea na mzee kachanganya mambo kweli, uzee nao una vituko vyake. Ikiwa ni hivyo, basi umeingiza kitu kisicho chake kwenye kichwa cha mtu mpweke, na una sababu kubwa zaidi ya kukimbia kwenda kukitoa. Lakini mimi naliamini lile swali lake. Hakuulizi kama Jumamosi utasoma kwa sababu anaisubiri kwa hamu. Anakuuliza kwa sababu anatumaini siku moja utajibu hapana.

Kwa hiyo fanya hivi, na la dukani ulifanye leo, Ijumaa ina kazi yake. Nenda dukani mchana huu, mwombe mzee mkae wawili. Usimletee hadithi ndefu za mkufunzi na kurasa. Sema, "Mzee, nilitunga, na wewe ukanifichia. Nisamehe." Kisha mwambie kwamba Dada Dipti utamweleza wewe mwenyewe, na umweleze leo hii hii, mzee akiwepo, useme wazi kwamba kosa ni lako na baba yake alikuwa anamsitiri mtoto wa watu. Atakasirika. Mwache akasirike. Kibao kikiwa kimeshachorwa, kipakwe upya, waandike jina la duka na mwaka lilipofunguliwa. Kachori ziliwe kama zilivyopangwa, na mzee asimulie vifungo mwenyewe kwa mdomo wake. Yule mama aliyemrudisha bwana harusi atapendeza zaidi kuliko polisi wako.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, uwe mlangoni kwa Mwalimu Mwijage na zile kurasa nne za kweli mkononi. Usilie, atadhani unaomba alama. Omba kurudia kazi. Akikupa sifuri, ipokee kwa mikono miwili, na akikunyima Muleba muhula huu, utaenda ujao, Muleba haihami. Akikuruhusu, ingia darasani na maandishi yote mawili, ya vifungo na ya polisi, wasomee watoto bila kuwaambia lipi ni lipi, uwaulize lipi wanaliamini na wangefanyaje kujua. Halafu waambie aliyetunga ni nani. Utaona aibu dakika tano, na wao watakuwa wamejifunza Historia, na hiyo Maadili inayokukosesha raha nayo utakuwa umeifundisha. Mama yako umpigie mwenyewe kabla ya jumuiya ijayo. Theopista arudi kwenye Hisabati, kule majibu yapo nyuma ya kitabu.

Umeniandikia kwamba unaogopa kumwaibisha mzee mbele ya mtoto wake. Tangu Jumatatu mzee huyo amekuwa akimdanganya binti yake wa kumzaa, machoni, huku anamwona analia, ili mtoto wa watu kutoka Rubafu apate cheti. Hana namna ya kuacha mpaka wewe uache kwanza. Nenda ukampumzishe.

Ma Celina