Bega ya Mapendo

Olive, bamemaliza kupasua dada yangu. Mapendo yuko muzima. Lakini mama, sijui.

Unakumbuka ile bega yenye ilikuwa inamuuma kila mwezi? Kwa sababu ilifuata siku zake za mwezi, mama akasema ni bulozi. Akamupeleka kwa muzee mumoja, muganga wa kule Murara, akamuchanja na wembe. Kila mwezi, Olive. Wembe.

Leo docteur anasema bega haikukuwa na kitu. Ni endometriose: nyama kama ile ya ndani ya kizazi iliota juu ya diaphragme, musuli ya kupumulia, nyuma ya maini. Ikitoa damu, bega ndiyo inasikia maumivu. Ameikata yote.

Kisha akauliza zile alama za bega ni za nini. Mama akavuta shuka, akafunika ile bega.

Mapendo akaamuka, bega inauma tena. Docteur anasema ni ile gaz yenye balimujazia mu tumbo kwa operesheni, itaisha. Mama akasimama amupapase. Mapendo, macho bado nusu, akamushika mukono:

"Mama, usiite muzee. Nitavumilia."

Mama yuko inje. Anakataa kuingia.