Hakuna Shida, Afande

Ijumaa, jioni. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, ikakatika saa ileile ya kuonyesha filamu, kana kwamba nayo ilitaka kuja kutazama. Afadhali ingeendelea. Mabati ya kantini yangepiga kelele, sauti isingesikika, tungeahirisha, na sasa hivi ningekuwa hapa chumbani kwangu Kansanga nakaanga ndizi zangu kwa amani.

Leo nimejichukia. Niseme mapema, maana nikianza kuzungukazunguka nitajitetea, na kujitetea nakujua sana.

Jambo lenyewe ni kiwanda cha sabuni kilicho kwenye barabara ya Port Bell. Tangu Wahindi wenye kiwanda waondoke, kinaendeshwa na kapteni mmoja wa jeshi. Kabla ya mvua hizi kuanza alikuja ofisini kwetu, sisi watu wa filamu, na malalamiko ambayo sijawahi kuyasikia kwa bosi yeyote: wafanyakazi wake hawasemi. Akiingia, kiwanda kizima kinanyamaza. Akiuliza kitu, wanatazama viatu vyake. Alitaka tumtengenezee filamu ya kuwafundisha kuongea na wakubwa wao.

Kizito, mpiga picha wetu, aliuma midomo asicheke. Mimi nilipata wazo, na nikalipenda wazo langu kama mama mwenye mtoto wa kwanza. Nikamwambia kapteni tusiwafundishe kitu. Tuwafuate na kamera hukohuko wanakochemsha sabuni, tuwaulize habari za kazi yao, waseme kwa midomo yao wenyewe, kisha yeye na wao wakae pamoja watazame. Mtu asiyethubutu kuingia ofisini kwake, angalau uso wake na sauti yake vitaingia. Akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu ya Kiswahili changu. Nimezaliwa kambi ya polisi, baba yangu ni sajini kutoka kaskazini, mama anatoka upande mwingine kabisa wa nchi, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Kapteni aliponisikia aliuliza baba yangu ni nani, na tangu siku hiyo akawa ananiita binti ya sajini.

Wafanyakazi walikuwa na la kusema, na lilikuwa moja tu. Tulilijua kabla hatujawasha kamera, kwa sababu Nalongo, mama wa mapacha anayefungasha sabuni, alimwambia Kizito kwa Luganda walipokuwa wakinywa chai. Zamu ya pili inatoka saa moja na nusu usiku. Wanawake wanaofungasha wanatembea gizani mpaka barabara kubwa, na hapo katikati pana kizuizi cha wanajeshi. Msichana mmoja wa zamu yao, Edisa, aliambiwa pale asubiri kidogo, wenzake wakaamriwa waende. Mpaka leo hajarudi kazini wala nyumbani kwao. Wanachoomba ni zamu yao ianze mapema na itoke saa kumi na mbili, kungali na mwanga. Hawakuhitaji hata kuwataja wanajeshi. Wangetaja giza tu, ingetosha, na mimi niliamini kapteni akiwasikia atatia sahihi siku hiyohiyo.

Kizito aliniomba awaulize yeye, kwa Luganda. Nikakataa. Sababu nilikuwa nayo: kiwandani mna Waganda, mna watu wa kaskazini, mna Wakongo, na kapteni mwenyewe Luganda hajui hata salamu. Kiswahili kingemfikia bila mkalimani. Lakini hiyo ni nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba napenda kuuliza maswali, na napenda sauti yangu ikitoka kwenye tepu.

Basi nikauliza mimi. Wote walijibu kwamba kazi ni nzuri na shida hakuna. Nikajiambia ni aibu ya kamera, ya mara ya kwanza; wakijiona kwenye filamu watafunguka na mazungumzo yataanza yenyewe. Kizito akafunga lenzi yake. Ana namna ya kufunga lenzi inayoudhi.

Leo ndiyo tumeionyesha. Tulitundika shuka nyeupe ukutani, kapteni akakaa kiti cha mbele, zamu ya pili nzima ikakaa kwenye mabenchi nyuma yake. Na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kitu tulichokuwa tumekipiga.

Aliyetokea mwanzo ni fundi wa boila, mtu mzima, mcheshi sana akiwa na wenzake. Ameegemea mlango, anacheka na mtu aliye pembeni. Kisha sauti yangu inaingia. Unaitwa nani? Unafanya kazi wapi? Unakaa wapi? Fundi anaachana na mlango. Miguu inakutana, mikono inashuka ubavuni. Halafu, kabla hajajibu lolote, mkono mmoja unaingia kwenye mfuko wa shati na kutoa karatasi ya kodi, ile ambayo kila mwanamume wa mji huu hutembea nayo, na anainyoosha kuelekea kwenye kamera.

Kantini ilicheka, hata fundi mwenyewe alicheka. Akaja wa pili, akavua kofia. Wa tatu akasimama wima, macho mbele. Kicheko kikaisha chenyewe, hakuna aliyekikataza.

Unaitwa nani, unafanya kazi wapi, unakaa wapi. Ni maswali ya pale kwenye kizuizi, kwa mpangilio uleule na kwa lugha ileile. Mimi niliyachagua kwa sababu tulifundishwa kwamba mahojiano huanza na maswali mepesi. Nikayauliza kwa Kiswahili nilichokulia, cha baba, kilichonyooka, kisicho na maneno mengi. Kwangu hiyo ni lugha ya kuitwa nikale. Mama alinibembelezea kwa lugha hiyo. Kwa Nalongo ni lugha ya mtu mwenye tochi.

Iliniuma, na bado inaniuma.

Ilipofika sehemu ya Nalongo kwenye filamu nilitaka kuinuka nikazime projekta. Sauti yangu inamuuliza kama kuna shida yoyote katika zamu ya pili. Anatazama juu kidogo ya kamera, pale nilipokuwa nimesimama. "Hapana, afande. Shida hakuna. Kazi iko muzuri." Afande, mimi, na gauni langu la maua. Siku ya kupiga picha wala sikulisikia neno hilo. Nilikuwa nimekodolea macho mshale wa tepurekoda, kuona kama sauti inaingia vizuri.

Taa zikawashwa. Kapteni alikuwa amefurahi kweli, hakuwa akiigiza, na hilo ndilo linalonishinda mpaka sasa. Alisimama akawageukia. "Mimi nafikiri zamani watu yangu iko na kitu kwa roho. Sasa nimeona, nimesikia. Shida hapana." Kisha akanitazama. "Binti ya sajini, wewe ulikaa na hawa. Uliona shida yoyote hapa?"

Kantini nzima ikanigeukia. Nalongo alikuwa benchi la pili, mikono mapajani. Jibu nilikuwa nalo, tena fupi: giza ni baya kwa wanawake hawa, zamu itoke mapema. Kizito akanikanyaga mguu. Sijamuuliza kama alikuwa akinihimiza au akinizuia.

Nilisimama. Nikasikia viatu vyangu vikigusana.

"Hakuna shida, afande."

Akapiga makofi. Akasema kwa kuwa kila mtu ameridhika, na kwa kuwa sabuni imeadimika mjini, kuanzia kesho zamu ya pili itaongezwa nusu saa. Wafanyakazi nao wakapiga makofi. Nilimwona Nalongo akipiga makofi.

Baadaye alikuja kunisaidia kukunja shuka. Tulishika ncha, yeye huku, mimi kule, tukakutana katikati, na hapo ndipo machozi yalinitoka kwa upumbavu. "Usirie, nyabo," akaniambia polepole, akiniita bibi kwa Luganda, si afande tena. "Na mimi nilisema vilevile." Akaniachia shuka, akarudi kwenye sabuni zake. Angenitukana ningepona.

Sisi tuliondoka kungali na mwanga. Pale kwenye kizuizi kijana mwenye bunduki alichungulia ndani ya gari akatuuliza majina, kazi, makazi. Nilimjibu kwa Kiswahili changu kizuri. Akatabasamu, akatupisha. Kizito aliendesha mpaka Kansanga, akanishusha.

Tangu nifike nimewaza kwenda kwa kapteni Jumatatu, bila kamera, nimwambie nilisema uongo. Nimejaribu maneno. Nimeyasema kwa sauti mbele ya jiko kama mwehu. Yanatoka vizuri tu. Kinachonikwamisha ni yeye. Nimelelewa na mtu wa namna yake, na najua swali lake la kwanza litakuwa nini. Hataniuliza giza linaanza saa ngapi. Ataniuliza ni nani aliyeniambia.

Na mimi nikiulizwa kwa sauti ile, leo nimeona ninavyofanya.

Kwa hiyo sijui. Nisipokwenda, wanatembea gizani. Nikienda, huenda nikamtaja mama wa watoto wawili kabla sijajua kwamba nimefungua mdomo. Nilitaka watu wa kiwanda kile wasikilizane na mkubwa wao, na sasa mkubwa wao anaamini kabisa kwamba amewasikia.

Kesho ni Jumamosi. Zamu ya pili itatoka saa mbili.