Ubao Niliouosha

Shemeji Rukia, wewe na binti yangu Zarina hamjambo? Mimi mzima, ila baridi ya London haina adabu. Wahindi wenzetu wa Nairobi bado wanashuka kila siku na masanduku, na kazi zinagombewa.

Mimi nafagia chuo cha Mayahudi. Watoto wanasoma Kiebrania kutoka kulia, kama chuoni kwetu kwa Kurani, na makelele ni yale yale. Jana nikakuta ubao mdogo mezani, una maandishi na unanata. Nikaona uchafu, nikauosha. Kumbe ni asali! Mtoto wao akianza chuo huilamba juu ya herufi, ili elimu iwe tamu. Na mtoto mwenyewe kashafika na mamake.

Mwalimu, mzee wa ndevu, akaja juu. "Nani kakutuma uoshe?" Nikaona kazi imekwenda, na bila kazi siwezi kumleta Zarina.

"Maji umemwaga wapi? Chooni?"

"A-a, mzee. Chini ya mti, pasipokanyagwa. Kwetu maji ya ubao wa chuo hayamwagwi ovyo, yana maneno ya Mungu."

Akanitazama sana. Akaandika upya, akanipa chupa ya asali. "Haya, paka wewe." Nikapaka bila uchoyo. Mtoto akalamba mpaka pua ikanata.

Nilikwambia Zarina angoje aanze chuo huku, mbele yangu. Asingoje, kumleta kwenyewe sijui lini. Mpeleke wiki hii, na umtie tende mdomoni kama kwa mkono wangu.

Shemejiyo,
Karim