Sisimizi Hana Kipande

Zeddy! Mzee Wamalwa amenisimulia sasa hivi mambo ya 1954, hapa Molo. Bado siamini!

Alikuwa mkamuaji wa ng'ombe, akapoteza kipande chake, kile kitambulisho cha kazi cha wakoloni. Mzungu mwenye shamba (mwenye, ati!) akamwambia afunge virago, huku ameinamia sisimizi aliokuwa akiwachunguza. Mmoja alikuwa amemwosha kwa spiriti, akamrudisha shimoni, ndugu zake wakamrarua!

"Unaona? Wanajuana kwa harufu. Ikitoka, anakuwa adui," akasema Mzungu.

Wamalwa akainua mkono, akamsogezea kwapa. "Basi ninuse, Bwana! Miaka tisa niko hapa!"

KWAPA, Zeddy!!

Memsabu, mke wa Mzungu, akaangua kicheko. "Huyu ni wetu. Ananuka maziwa yetu. Abaki."

Unadhani Wamalwa alishukuru?

"Sawa, Memsabu. Sasa nionyesheni chumba changu. Sisimizi wa harufu moja hulala nyumba moja."