Roboti Iliyofuata Kitenge Chekundu

Mama, shikamoo. Huku Tunduma ukungu umeshuka hadi malori ya mpakani yanaonekana kama yanaelea.

Mashindano yamekwisha. Roboti yangu ilitakiwa iokote kahawa mbivu, zile nyekundu, sakafuni na kuacha mbichi, kama nilivyoifundisha kwa zile ulizonichumia huko Iyula. Basi ikaipita kahawa yote. Ikavuka mstari polepole, ikaenda kusimama mbele ya mama mmoja Mzambia aliyevaa kitenge chekundu, ikanyoosha kile kimkono chake cha bati kumshika pindo. Yule mama hakurudi nyuma. Aliikaribisha kwa Kibemba, "Mwaiseni," halafu akatembea taratibu kuuzunguka ukumbi, nayo ikamfuata nyuma kama mtoto.

Waamuzi walinipa sifuri. Kazi ya mwaka mzima, lakini sijaumia sana, maana nyekundu inaijua.

Jifunike vizuri, baridi isikuumize kifua. Jumamosi nikifika, jitande ile khanga yako nyekundu usimame mlangoni. Nitaiweka chini pale barabarani, ije yenyewe nyumbani.

Mwanao,
Tumaini