Sikio la Denzil

Baa ya Jogoo Mweusi (chumba cha nyuma),
Marlden, Kent,
Uingereza.
9 Oktoba 1940

Mpendwa dada Edie,

Pokea salamu za mdogo wako Wilf, ambaye bado yupo na meno yake yote, kasoro lile la mbele unalolijua. Hujambo huko Timaru? Shemeji Clem mgongo wake unaendeleaje? Na Hattie, bado anachora kwenye kuta? Msimpige, ni damu yangu hiyo.

Kabla hujapekua kurasa kutafuta jina la mwanao: Denzil yuko hai. Jana nilimwona kwa macho yangu, anakula viazi. Najua barua itakaa baharini wiki nyingi, na jana yangu itakuwa imezeeka ikikufikia. Lakini ndiyo niliyo nayo. Sasa kaa chini usome taratibu.

Mimi mzima, ila nimechoka. Nimechoka hadi kwenye kope. King'ora kikilia siku hizi sikimbii tena. Nakunja blanketi, nateremka kwenye ghala la bia kama mtu anayekwenda kibaruani, naketi juu ya pipa tupu nasubiri. Bibi Tibbet, mwenye baa, anafuma soksi na kunisema mpaka king'ora cha salama kilie. Kati ya Wajerumani na ulimi wa Bibi Tibbet sijui kipi kitanimaliza kwanza.

Ule ufukwe nilikokuwa nawachora watalii vichwa vikubwa na miili midogo, usahau. Umezungushiwa seng'enge, mchanga una mabomu, na watalii wangu wamevaa sare. Ndiyo maana nikahamia huku karibu na uwanja wa ndege za kivita. Nikasema, hawa vijana marubani wana mama zao, na mama yeyote atataka sura ya mwanawe ukutani. Kijana anaagiza bia, ananinunulia na mimi, namchora kabla povu halijatulia.

Mwanzoni walinicheka. Wa kwanza nilimfunga vifungo vyote vya koti, safi kabisa, nikitegemea sifa. Baa nzima ikalipuka. “We mzee, umemchora mtu wa ndege za mabomu!” Kumbe hawa wa ndege ndogo za kivita kifungo cha juu hawakifungi. Ndiyo nembo yao. Ukikifunga umewatukana. Nikafuta haraka kwa kipande cha mkate, Bibi Tibbet akanipiga kofi la kisogo kwa kuchezea mkate wakati wa mgawo wa chakula.

Sasa nikueleze habari ya masikio, maana ndiyo sababu ya barua hii.

Kuna mmoja anaitwa Pargeter, mtu mkubwa kama kabati, sijui hata wanamwingizaje ndani ya ndege. Nilikuwa namchora, nimebakiza sikio la kushoto, gari likaja kuwachukua ghafla. Nikamtania mlangoni: “Sikio lako nabaki nalo, urudi ulichukue!” Mchana ule akatunguliwa. Akaruka na mwavuli, akaangukia kwenye mtufaha wa watu, mwenye shamba akamfukuza kwa uma wa nyasi akidhani ni Mjerumani. Jioni tukamwona huyo mlangoni, majani kichwani, suruali imechanika. “Haya mzee, nipe sikio langu.” Nikachukua penseli. Akanishika mkono. Akafikiri kidogo, halafu akasema, “Hapana. Liache hapo hapo.”

Basi ikawa ndiyo desturi. Hakuna anayekubali kuchorwa sikio la kushoto. Nawachora macho, pua, kifungo kilicho wazi, na upande mmoja naacha karatasi nyeupe. Bibi Tibbet amezibandika ukutani juu ya mapipa. Ukiingia utadhani ni genge la wezi waliokatwa masikio.

Mimi nilijua ni upuuzi. Nilikuwa nacheka nao. Halafu akaja Stannard, kijana mpole, amesoma, mwenye sauti kama ya kasisi. Mama yake alikuwa na siku ya kuzaliwa, akaniomba nimmalizie picha nzima. Pargeter akamwambia, “Usijaribu, bwana.” Stannard akacheka, “Nyie mmerogwa na mchora vibonzo.” Nikamalizia. Lilikuwa sikio zuri kweli, dada, mojawapo ya masikio yangu bora. Hakurudi. Picha niliituma kwa mama yake, naye akanijibu kwa maandishi mazuri, akishukuru kwamba sikio limefanana kabisa.

Najua penseli haipigi risasi. Lakini tangu siku ile nikifika kwenye sikio mkono unakuwa mzito, kama wa mtu mwingine.

Ndipo ikaja barua yako. Umeniambia Clem ameshachonga fremu, imening'inia tupu juu ya meko, na unataka Denzil mzima mzima, “si zile nusu nusu zako za kihuni za tangu utotoni.” Nilicheka peke yangu. Baadaye sikucheka.

Denzil alikuja wiki iliyopita akakaa mbele yangu. Nikwambie ukweli, amekonda. Amekuwa na macho ya watu wazima. Nilipokuwa natia kivuli shavuni akalala palepale kwenye kiti, glasi mkononi, hata tone halikumwagika. Nikamchora amelala, halafu macho nikayafungua kwa kumbukumbu, maana nayajua, ni macho yako. Alipoamka nikamsomea barua yako. Akasema, “Malizia tu, mjomba. Mama apate picha yake.”

Nikamuuliza, “Na sikio?”

“Weka sikio.”

Pargeter akageuka kutoka kaunta. “We Denzil, una kichaa?”

“Nimechoka na michezo ya kitoto,” Denzil akasema. “Kama zamu yangu imefika, imefika. Mama asibaki na fremu tupu.”

Hakusema kwa hasira, dada. Alisema kama mtu anayefunga duka. Ndicho kilichonitisha. Pargeter akaninyang'anya penseli akaitumbukiza ndani ya bia yake. Denzil akaniambia, “Unazo nyingine. Kesho nikija niikute tayari.” Akaondoka na wenzake.

Kesho yake hakuja. Wenzake wakaja bila yeye. Pargeter alisema tu kwamba mara ya mwisho alimwona akiingia mawinguni na moshi nyuma. Nikabaki na ile karatasi mezani. Nikawaza, ameniomba mwenyewe. Ndilo jambo la mwisho aliloniomba. Kama hayupo, basi mama yake apewe uso mzima, na mimi ndiye niliyebaki wa kuutoa. Nikachonga penseli mpya. Nikaichonga mpaka ikawa fupi kama kidole gumba, ili tu nisianze.

Bibi Tibbet akanitazama kutoka kwenye mapipa. Huyu mama hajawahi kuniambia neno zuri tangu niingie humu. Akasema, “Wilf, ukiligusa hilo sikio nitakuvunja vidole kimoja kimoja.” Halafu akaenda nyuma kupasua kuni, na kuni zilikuwa zimejaa.

Sikuligusa. Siku ya pili nayo sikuligusa, ingawa kila nikitembea niliona ile sehemu nyeupe inaniangalia.

Jana adhuhuri lori la kabichi likasimama nje. Akateremka Denzil, nyusi zimeungua, koti si lake, mguu mmoja una kiatu na mwingine una buti la mtu wa shamba. Alikuwa ametua kwa tumbo kwenye malisho huko mbali, simu zimekatika, akalala kwa watu kama gogo. Pargeter alimkumbatia mpaka nikaogopa atammaliza yeye. “Mjinga wewe! Tumeshagawana soksi zako!” Bibi Tibbet alimtukana vibaya sana kwa kuchafua sakafu, huku anampakulia viazi.

Denzil hakunisalimia. Alikuja moja kwa moja mezani, akaichukua picha, akaipeleka dirishani. Aliangalia ule weupe muda mrefu. Akasema polepole, ili wenzake wasisikie:

“Usimalizie, mjomba.”

“Na mama yako?”

“Mwambie sikio nitamletea mwenyewe.”

Akarudi kwenye viazi vyake, akala sahani mbili. Ndiyo mara ya kwanza tangu Agosti namwona anakula kama mtu anayetarajia njaa ya kesho.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utamkuta mwanao, nusu nusu ya kihuni, kama ulivyokataza. Nisamehe kwa fremu ya Clem. Iweke humo humo, upande wa sikio ukiangalia ukuta ukitaka. Wageni wakiuliza, waambie mdogo wako ni mvivu, wataamini bila taabu.

Msalimie Clem, nisalimie shangazi Maud na yule paka wake mwenye jicho moja. Hattie mbusu mashavu yote mawili. Bibi Tibbet hajasema nikusalimie, lakini hii karatasi ni yake. Na wewe bwana mkaguzi unayesoma barua za watu, salamu, nenda ukalale.

Mungu awalinde huko, na huku atupie jicho akipata nafasi. Mimi ni mdogo wako, ninayekupenda kuliko ninavyojua kuandika,

Wilf

N.B. Penseli zote za Hattie zifungie kabatini. Namjua huyo mtoto. Akiona mahali peupe lazima ajaze.