Jina Ndani ya Mtumbwi

Ziwani Rukwa, Jumapili

Baba Brenda,

Huku tu wazima, na karanga zimeota. Ulipopiga simu kutoka Tunduma kwamba kimbunga kinakuja, ulisema, "Uokoe mtumbwi." Sisi hukututaja. Majirani walinisaidia kuuvuta hadi nyuma ya nyumba, tukaupindua na kuufunga kwenye visiki. Upepo ulipong'oa mabati, nilijificha na Brenda humo chini. Tochi ikamulika jina ulilochora kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa kukalia: Sabra.

"Mama, Sabra ni nani?"

Nikamwambia ndilo jina la kimbunga. Hakuamini, na mimi wivu haujaniacha tangu siku hiyo.

Mtumbwi wako ni mzima. Njoo umjibu mwanao mwenyewe.

Mkeo bado,
Gwantwa